Kivuli cha Adhuhuri katika Njia za Ukambani

Katika zama za misafara, kabla reli haijalazwa na kabla magari hayajajulikana, msafiri aliyevuka nchi ya Ukambani alipima mwendo wake kwa maji na kwa kivuli, wala maili hazikumfaa kitu. Nchi yenyewe ndiyo iliyomwamuru. Upande wa mashariki imelala Kitui, na upande wa kusini magharibi Makueni, na baina yao unateremka mto Athi ukifuatana na uwanda mrefu wa Yatta, ulioumbwa kwa lava na kunyooka kiasi cha kilomita 300. Na kadiri mtu ashukavyo kuelekea Tsavo, ndivyo vilima vyenye ubaridi wa asubuhi vinavyobaki nyuma yake, miti mirefu ikaipisha migunga na mibuyu, na mito mingi ikawa mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Saa za katikati ya mchana katika nchi ya namna hiyo zilikuwa na sheria yake, na aliyeihalifu aliadhibiwa papo hapo, kwa kiu, kwa kizunguzungu, au kwa kuanguka njiani na mzigo wake.

Nakusudia kuandika habari za sheria hiyo, yaani ada ya kutua adhuhuri: jinsi ilivyoshikwa na wachukuzi wa pembe, na wachungaji, na akina mama, jinsi reli ilivyoipitia mbali, na jinsi ilivyorejea kwa mlango mwingine, katika safari za likizo ambazo watu huzifanya pamoja na watoto wao kwenda mbugani na pwani. Naiandika kwa kuwa naiona ikisahauliwa na wale hasa wanaoihitaji kupita wengine wote.

Mwendo wa msafara ulianza kabla ya mapambazuko. Kiongozi aliwaamsha watu gizani, mizigo ikafungwa, kila mtu akajitwika wake, na ilipotimu saa kumi na moja au kumi na mbili mstari ulikuwa umekwisha kuingia njiani, ili ule ubaridi wa alfajiri usipotee hata kidogo. Ilipokaribia saa tano, jua likiwa bado halijasimama utosini, palitafutwa mahali pa kutua: mti mpana, au kichaka kizito, au ubavu wa jabali unaotupa kivuli. Palipokuwa na maji karibu, aghalabu kazi ya siku iliishia hapo. Lakini maji ya mbele yalipokuwa mbali mno, ndipo ilipotumika hila ambayo watu wa pwani na wapagazi wao waliiita kutirikeza. Watu walipika, wakala, wakalala kivulini hadi jua lilipopinduka. Kisha wakajaza vibuyu vyao, wakaondoka mnamo saa nane au saa tisa, wakaenda mpaka giza likawafunika, wakalala mahali pakavu pasipo kupika, na alfajiri ya pili wakashika tena njia hadi kuyafikia maji ya mbele. Kwa hila hiyo masafa ya siku mbili yasiyo na kisima yalivukwa kwa usiku mmoja tu wa kubana kiu. Akili yote ya jambo hili imo katika ule usingizi wa mchana, kwa kuwa mwili uliopumzishwa saa sita ndio ulioweza kubeba mzigo saa kumi na mbili ya jioni. Na mkuu wa msafara aliyewanyima watu wake usingizi huo, kwa tamaa ya kuwahi, alifika akiwa na pembe pungufu na wachukuzi pungufu.

Wakamba walikuwa mabingwa wa njia hizi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wao ndio walioteremsha pembe za ndovu kutoka bara hadi Rabai na Mombasa, wakarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba, na miongoni mwa wakuu wao hakuna aliyevuma kama Kivui wa Mwenda, mtu wa Kitui. Kwa Kivui ndiko alikofikia Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa katika utumishi wa Church Missionary Society na mwenye makao Rabai. Na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa katika nchi hiyo ya Kitui, aliona kwa mbali vilele vyenye theluji vya mlima Kenya. Alirudi tena mwaka 1851, akafuatana na Kivui kuelekea mto Tana, na karibu na mto huo wakavamiwa, Kivui akauawa, na watu wakatawanyika huku na huku. Krapf alibaki peke yake katika nyika asiyoijua. Mchana alijificha vichakani, usiku akatembea. Na alipoufikia mto na kunywa, hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi akayatia ndani ya mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Kila nikumbukapo kisa hiki huona ndani yake kinyume cha yote niliyokwisha kuyaeleza. Mtu yule alilala mchana, naam, tena kwa siku kadhaa, walakini alilala bila mwenzi wa kumlinda, bila chakula na bila amani ya moyo, na usingizi wake haukumpa nguvu. Mapumziko ya adhuhuri yalikuwa kazi ya jamaa nzima: mmoja alichota, mmoja alikoka moto, mmoja alikaa macho, ndipo wengine wakaweza kufumba yao.

Nyumbani nako ada ilikuwa na maskani yake. Nje ya lango la boma la Mkamba palikuwa na thome, uwanja wenye moto wake, na pale palipobahatika palikuwa pia na mti wa kutosha kuwafunika wazee kumi. Mtaalamu wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyeishi miongoni mwa Wakamba baina ya mwaka 1910 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa juu ya desturi zao, alikiona na kukieleza kiwanja hicho. Mzee alikuja na kigoda chake mwenyewe, kidogo, cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja. Na uso wa kigoda ulipambwa kwa nyuzi nyembamba za waya zilizogongwa ndani ya mti, moja baada ya moja, hata zikafanya duara na miale ing'aayo. Waya huo ni ule ule uliotoka pwani kwa bei ya pembe. Mzee aliketi juu yake saa zile ambazo jembe halishikiki, akanyoosha mishale, akarekebisha mzinga, akasikiliza mashauri ya watu waliokosana, na vijana waliosimama pembeni wakajifunza sheria za nchi bila kuambiwa kwamba wanafundishwa. Mambo mengi ambayo siku hizi tunayatafuta katika mabaraza na mahakama yalikuwa yakimalizwa hapo, baina ya saa sita na saa tisa, kwa sababu ndizo saa ambazo kila mtu alijulikana yuko wapi.

Mbali na nyumba, katika makambi ya malisho ambayo Wakamba huyaita syengo, hasa kule Yatta na katika tambarare za Kitui, adhuhuri ilikuwa saa ya kunywesha. Mto mkavu wa nchi hii una maji chini ya mchanga wake; basi vijana walichimba shimo, na kiangazi kilipokaza shimo likawa refu hata wakasimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, wakipokezana kibuyu kutoka chini hadi kwenye hori. Ng'ombe walingoja zamu yao kwa makundi. Walipokwisha kunywa walisukumwa chini ya migunga, wakalala wakicheua, na wachungaji wakalala kwa zamu, kichwa juu ya fimbo au juu ya mkono. Mnyama aliyekimbizwa juani baada ya kunywa hakunawiri, na mtoto wa miaka minane alilijua hilo kama ajuavyo jina la baba yake.

Haki yataka niseme kwamba raha hii haikugawanywa sawasawa. Mama alirudi shambani na kuni kichwani, akawasha moto, akachemsha chakula cha mahindi, isyo au muthokoi, akaenda kisimani. Na alipopata kuketi chini ya mti pamoja na wenzake, mikono yake haikuketi, kwa kuwa palikuwa na kyondo, yaani kikapu, cha kusuka, kwa nyuzi zilizochunwa katika gome la mbuyu na kusokotwa juu ya paja. Vyondo vilivyokuja kusifiwa baadaye na wanunuzi wa Ulaya na Marekani ni matunda ya saa hizo. Nikiwasikia watu wakiusifu utulivu wa zamani hutamani waukumbuke pia uzi ule, na pumziko lile ambalo lilikuwa nusu ya kazi.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, ulikuja na hesabu nyingine ya wakati. Katika maandishi mengi ya walowezi na maofisa wa siku hizo, Mwafrika aliyelala chini ya mti saa sita ameandikwa kuwa mvivu, hali mwandishi mwenyewe alikuwa amefunika kichwa kwa kofia nene ya kujikinga na jua hilo hilo na kujilaza barazani baada ya chakula. Watu wa pwani, ambao tangu dahari huilala kailula yao baina ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, walitiwa katika shutuma ile ile. Dhuluma ya maneno haya ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa maana watoto wa shule waliyasoma, wakayaamini, na wakakua wakiona haya kwa jambo lililowahifadhi babu zao. Katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Kibwezi, kazi yenyewe ilishinda nadharia: mkata mkonge alipewa kipimo chake, naye akaingia shambani kabla ya jua kuchomoza ili akimalize mapema, kwa sababu hakuna mwanadamu awezaye kukata majani yale ya miiba saa saba ya mchana siku baada ya siku na kuidumisha siha yake.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na katika safari hiyo iliikata Makueni toka upande mmoja hadi wa pili: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Simba, Sultan Hamud, Kima. Ilijengwa kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi makwao, maana walikufa. Abiria wa kwanza hawakuwa na behewa la kulia. Gari lilisimama, wakashuka kula katika nyumba za wasafiri zilizojengwa kando ya stesheni, jioni Voi, asubuhi Makindu. Angalia saa hizo. Treni ya abiria iliondoka mahali pamoja mchana au jioni na kufika pengine kesho yake, nayo nyika ikapitwa usiku. Kwa zaidi ya karne moja, hadi ile huduma ya zamani ilipokoma mwaka 2017, msafiri wa Mombasa na Nairobi alivuka nchi hii akiwa amelala kitandani mwa behewa, asiujue mchana wake hata kidogo. Reli haikuipiga marufuku ada ya adhuhuri. Iliiondolea sababu tu. Kitui, ambayo haikupata reli, iliendelea na desturi yake kwa miaka mingi pasipo kuulizwa na mtu.

Yupo mtu mmoja ambaye siwezi kuandika historia hii bila kumtaja, ingawa kumtaja kwaniuma. Mwaka 1944, serikali ilipotaka kufungua ardhi ya Makueni ili kuwahamishia watu waliobanwa katika vilima vya Machakos, ilimtuma mwindaji wake, J. A. Hunter, kuwaondoa vifaru. Naye, hadi mwisho wa mwaka 1946, aliwaua karibu 1,000. Ardhi ilifyekwa, watu wakahamia, mashamba yakalimwa, na faru hakurejea tena. Mtu huyo huyo, alipostaafu, alijenga nyumba ya wageni Kiboko, kando ya chemchemi, chini ya migunga ya gome la manjano, ikaitwa Hunter's Lodge. Na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kituo cha watu waliosafiri kwa gari kwenda pwani, wazazi wakinywa chai kivulini huku watoto wakitazama ndege majini. Sijui jinsi ya kulipatanisha jambo moja na la pili. Nayaandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli, na kwa kuwa kivuli kile kizuri kilipandwa juu ya ardhi yenye hesabu hiyo.

Mwaka 1948 Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na lango la Mtito Andei likawa mlango wa watu wengi kuingia sehemu yake ya magharibi. Mwaka 1962 ilifunguliwa nyumba ya wageni ya Kilaguni, ndani ya hifadhi, na hapo ada ya zamani ikapata walimu wapya, nao ni wanyama. Madereva wa mbugani walikuwa wamekwisha kujua kwamba kumzungusha mgeni saa saba ni kumchosha bure: ndovu amesimama chini ya mbuyu akipunga masikio ili damu yake ipoe, simba amejinyoosha kichakani, na swala wamekusanyika chini ya mti mmoja wakigeuka kadiri kivuli kigeukavyo. Ndipo ratiba ikapangwa kuwafuata: kutoka alfajiri, kurudi kula, kulala, na kutoka tena saa kumi. Mgeni kutoka Ulaya, ambaye babu yake aliwaandika watu wa nchi hii kuwa wavivu, sasa alilipa fedha nyingi ili apangiwe siku yake kama ya mchungaji wa Yatta.

Barabara ya Mombasa ilipotiwa lami katika miaka ya 1960, na watu wa miji walipoanza kununua magari, desturi ya kuwapeleka watoto pwani likizo ya Desemba ilienea haraka, na Makueni ikarudia kuwa nchi ya kupitwa mchana. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na Mtito Andei iko karibu na nusu yake. Aliyeondoka Nairobi baada ya kifungua kinywa aliingia Kibwezi au Mtito Andei jua likiwa wima, na watoto wamekwisha kuchoka, wamegombana, wamelia, wamelala kwa shingo zilizopinda. Hapo wazazi waligawanyika makundi mawili, na wamegawanyika hivyo hadi leo: wale wanaosema tupige moyo konde tufike, na wale wanaosimama.

Wanaosimama wamepata tangu zamani mahali pasipo na kifani. Makalasinga walioijenga na kuihudumia reli walikuwa wakikusanyika Makindu chini ya mti kwa ibada zao za jioni, kisha katika kibanda cha mabati, hata mwaka 1926 wakajenga hekalu lililosimama mpaka sasa kando ya barabara kuu. Kila apitaye hukaribishwa, wa dini yoyote, kula na kulala, wala hadaiwi malipo. Viatu huachwa mlangoni. Kichwa hufunikwa kwa kitambaa, cha mtoto pia. Mtu hupokea sahani ya bati yenye vigawanyo, akapakuliwa dengu, mboga, wali na chapati ya moto, na chai ya maziwa baadaye. Nimemwona huko baba mmoja, dereva kwa dalili zake zote, akiwa amekaa sakafuni na mgongo ukutani, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, mtoto wa kike amelala juu ya miguu yake iliyonyooshwa, na mkewe akimwashiria kwa jicho asiamke kwanza. Walikaa vivyo hivyo muda mrefu. Hakuna aliyewasogeza.

Nalitaja hili kwa urefu kwa kuwa ni pale tu, katika njia nzima, ninapoiona thome imerudi: mahali palipo wazi, pasipo bei, ambapo mgeni huketi saa za jua kali na kuhesabiwa kuwa mtu. Kwingineko kivuli kimekuwa bidhaa. Basi husimama Mtito Andei dakika ishirini, abiria wakanunua soda na viazi vya kukaanga, wakaenda msalani, honi ikapigwa. Tangu mwaka 2017 treni mpya ya Madaraka Express huivuka nchi yote kwa muda wa saa tano hivi kutoka mwisho hadi mwisho, ndani ya behewa lenye ubaridi, na mtoto aliyeketi dirishani huiona Makueni kama picha ipitayo. Siikatai starehe hiyo. Mama mwenye mtoto mchanga ana haki nayo. Lakini mzazi aendeshaye gari lake mwenyewe, aliyeamka saa tisa ya usiku kufunga mizigo, asiyelala mchana kwa kuwa ameambiwa kulala mchana ni uvivu, ndiye huyo anayesinzia usukani akiwa na jamaa yake yote nyuma, katika barabara ambayo malori yake hayasameheki. Wapagazi wa Kivui wasingalimruhusu kuendelea.

Sasa kuna njia mpya. Barabara ya lami imetoka Kibwezi, ikavuka Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, na kwa hiyo watu wa miji wameanza kuwapeleka watoto kutazama jabali la Nzambani na nchi ambayo wazazi wao waliijua kwa jina tu. Njia hiyo ndiyo ya kale. Misafara ya pembe ilipita humo humo au karibu yake. Lakini vivuli vyake vimepungua, maana mgunga na miti mingine migumu imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya makaa yanayopelekwa mijini, hata mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ikapiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Marufuku peke yake haioteshi mti. Wahandisi wameweka mawe ya kilomita na alama za kona kali. Naomba waweke na orodha ya miti mikubwa iliyosalia kandokando ya njia hiyo, kila mmoja na mahali pake, kama vile viongozi wa misafara walivyokuwa nayo vichwani mwao, na pembeni mwa kila mti paachwe nafasi ya gari kusimama.